Mastura wa Chumba cha Nzi

Kazi ya Mastura ni kuwapikia nzi uji. Cheka umalize, halafu tuendelee. Wapo wanaofuga kuku, wapo wanaofuga ng'ombe wa maziwa, na Mastura binti Asadi, mzaliwa wa Mikindani, mke wa mtu huko Mtawanya, anafuga nzi, na mshahara unaingia benki kila mwezi. Si wale nzi wakubwa wa chooni. Ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka embe lililoiva kupita kiasi. Wewe ukiwaona mezani unawafukuza kwa kitambaa. Yeye anawapikia unga wa mahindi kwa sukari na hamira, anawamiminia kwenye chupa, anaziba chupa kwa pamba, na umeme ukikatika kiyoyozi kikazima, hatulii mpaka jenereta iwake.

Chumba cha nzi kiko nyuma ya maabara ya chuo kimoja mjini Mtwara. Mwenye utafiti ni Daktari Celeste, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kulima upande huu. Alisoma hapa, akasoma ng'ambo, na siku aliporudi majirani walitegemea gari. Alirudi na masanduku ya chupa za nzi. Wapo ambao hawajamsamehe mpaka leo.

Anachofuatilia huyu mama ni namna ngozi ya kiinitete inavyojipa umbo. Yai la nzi ni dogo kuliko punje ya ulezi, na ndani yake, kabla funza hajatoka, kuna kipindi ambacho mgongo uko wazi. Ngozi iko kushoto na iko kulia, katikati kuna pengo lililofunikwa na utando mwembamba tu. Halafu seli za ukingoni zinapewa amri. Zinajinyoosha, zinashikamana, zinatengeneza uzi unaolizunguka pengo lote, na uzi ule unakazwa taratibu kama kamba ya mdomo wa mfuko. Pande mbili zinasogeleana mpaka zinakutana, zinashonana, na ukitazama baadaye hujui pengo lilikuwa wapi. Amri zote hizo zinatoka kwenye jeni. Ipo jeni moja inayoupa ule uzi nguvu ya kujikaza, na watafiti waliipa jina la zipu. Zipu ikiharibika, uzi haukazwi na mgongo unabaki wazi.

Mastura ndiye mtunzaji wa ukoo wa nzi wenye zipu mbovu. Kila mmoja wao ana nakala moja nzima ya jeni hiyo na moja mbovu, kwa hiyo anaishi, anazaa, hana shida. Alama yao ni mabawa, yamekunjamana kwenda juu. Nzi mwenye mabawa yaliyonyooka hatakiwi kwenye chupa zile. Akionekana, ujue ni mgeni. Lakini katika watoto wao, yule aliyepewa nakala mbovu na baba na mbovu nyingine na mama, mgongo wake hauzibi, anafia kwenye yai. Mastura anayakusanya mayai kwenye kisahani cha jeli, anayaosha kwa jiki kuondoa ganda, anayapanga chini ya hadubini, kisha anatenganisha walioziba na walioshindwa. Miaka ya mwanzo alikuwa akiifanya kazi hiyo huku anaongea na simu, kama mtu anayechagua mchele.

Halafu akazaliwa Yasmini.

Yasmini alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa analia vizuri, ana nywele nyingi, uso wa baba yake mtupu. Mkunga akamgeuza. Chini ya kiuno palikuwa na sehemu nyekundu isiyo na ngozi, upana wake kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Mgongo wazi, wakasema, wakaandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Mastura hakuhitaji kuelezwa mgongo wazi ni nini. Alikuwa akiiona migongo kama hiyo miaka yote kazini, ila ile ya kazini alikuwa akiifuta kwa karatasi na kuosha kisahani.

Mtoto hakufika arobaini. Na arobaini, kwa watu wa pwani, ndiyo siku mzazi anatoka ndani amembeba mwanawe, amefukizwa udi, wanawake wamejaa uani. Mastura alitoka mikono mitupu. Aliyemkanda kwa maji ya moto siku zote hizo alikuwa Bi Somoe, shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye pia ni mama mkwe wake, kwa kuwa mume wa Mastura, Muzamil, ni mtoto wa shangazi huyo huyo. Bi Somoe alimkanda, akampikia, akamfulia, na hakusema neno hata moja juu ya mtoto. Hakusema pole. Hakusema Mungu atakupa mwingine. Kimya kile Mastura alikipokea kama lawama, na tangu hapo akawa anaishi ndani ya nyumba ile kama mshitakiwa anayesubiri kusomewa shitaka.

Aliporudi kazini, hadubini ikamshinda. Kila kiinitete kilichobaki wazi alikiona kina nywele nyingi. Ndipo akaanza kupiga hesabu ambazo hakuna aliyemtuma apige. Mimi ni mtoto wa Asadi, Muzamil ni mtoto wa dada yake Asadi, bibi yetu ni mmoja. Kama kuna nakala mbovu iliyotoka kwa bibi, huenda ninayo mimi na huenda anayo yeye, na sisi ndio wale wa mabawa yaliyokunjamana, tunatembea mjini, tunapendeza, na tutazaa watoto wa kufia njiani.

Hesabu hizo alimpelekea Daktari Celeste. Daktari akamvutia kiti.

"Dada Mastura, wewe si chupa," akamwambia. "Nzi tumewaharibia jeni moja makusudi ili tuone kazi yake. Binadamu si hivyo. Mgongo wa mtoto na mgongo wa nzi ni jamaa, si kitu kimoja. Kwa mtoto jeni zinazohusika ni nyingi, kuna chakula, kuna bahati mbaya. Undugu unaweza kuongeza hatari, sitakudanganya. Lakini kuna kinga tunayoijua, vitamini iitwayo foliki. Sembe ya viwandani siku hizi inatiwa kidogo, unga wenu wa muhogo wa kutwanga hauna. Wewe uliyekwisha kupata mtoto mmoja hivyo unatakiwa umeze vidonge vyenye nguvu, tena kabla ya mimba, kwa sababu mgongo wa mtoto unaziba mama hajajua kama ni mjamzito."

Kliniki wakampa kopo dogo jeupe la vidonge vya njano. Akaliweka kabatini jikoni, nyuma ya majani ya chai, ili ameze kila asubuhi. Siku moja Bi Somoe akalishika, akalitikisa.

"Hivi vya nini, mwanangu?"

Hapa ndipo Mastura alipokosea, na mimi simlaumu sana, maana ni nani kati yetu angeweza. Mwanamke wa Mikindani hamwambii mkwewe kwamba yeye na mumewe wameamua kutafuta mtoto. Mume mwenyewe ni mlinzi kwenye mitambo ya gesi kule Msimbati, anarudi nyumbani kwa mapumziko ya zamu, na mtaa mzima unajua karudi lini. Ukisema jambo kama hilo umeshasema na mengine yote. Kwa haya zake Mastura akajibu, "Vyangu tu, shangazi."

Bi Somoe akalirudisha kopo mahali pake. "Siku hizi watu wanazuia uzazi kwa siri," akasema, "halafu wanasema Mungu hajajalia." Mastura akainamia vyombo akaendelea kuosha.

Ramadhani ikaingia. Chai ya asubuhi ikaondoka na kidonge kikaondoka nayo. Daku unakula huku umesinzia. Jioni jikoni ni magimbi, mihogo, tambi, uji wa pilipili manga, na ukishafuturu kuna tarawehe. Mastura alikuwa akikumbuka vidonge akiwa kazini, anasema nikifika nyumbani tu, na akifika anasahau. Hata kabati lenyewe hakulitazama. Idd ikapita. Mariamu, kitindamimba wa Bi Somoe, akaolewa na mtoto wa ami yake, akapelekwa Msimbati kwa ngoma na vigelegele. Katikati ya pilikapilika za harusi Mastura akakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Akapima, akakuta ana mimba, na akirudi nyuma kwa hesabu, mimba imeingia ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Akaenda kabatini. Kopo halipo. Akapekua nyuma ya chumvi, juu ya friji, chini ya meza. Kesho yake akamkuta Bi Somoe amekaa barazani anashona mkeka, anaunga ukili kwa ukili, na alipotaka sindano nyingine aliitoa kwenye kopo dogo jeupe.

Kaa na jambo hilo kifuani uone. Mastura alisimama mlangoni na kanga mkononi, akaelewa yote kwa mara moja, au alidhani ameelewa. Shangazi kadhani vidonge vya majira, vya kuzuia mimba. Kavimwaga chooni, kopo kafanya la sindano. Yeye mwenyewe hakumeza Ramadhani nzima, hilo analijua na halimpi raha, lakini angalau vingekuwepo angevikumbuka siku moja, siku mbili. Alitaka kuuliza, mdomo ukawa mzito. Angeanzaje? Na akiambiwa ndiyo, nimevitupa, afanye nini na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemwogesha kama mtoto mchanga? Akageuka akaenda zake chumbani. Kliniki walimpa vidonge vingine na hivyo alivimeza bila kukosa, huku anajua kwamba mgongo uliokuwa wa kuziba umeshaziba, na ulioshindwa umeshashindwa.

Basi akawa mtu wa hofu. Mtoto akicheza tumboni, hofu, kwa sababu atakuwa anarusha miguu sasa hivi halafu akizaliwa asiirushe. Mtoto akitulia, hofu maradufu. Nesi wa kliniki alimwambia akapige picha ya ultrasaundi mapema, wataalamu waangalie uti wa mgongo. Mwezi wa kwanza akasema ana wageni. Mwezi wa pili akasema chuo kina mitihani, kana kwamba nzi wanafanya mitihani. Muzamil akipiga simu kutoka Msimbati kuuliza, anajibiwa nitakwenda, nitakwenda. Ukweli ni kwamba kabla ya picha alikuwa na mtoto ambaye huenda ni mzima, na alimwogopa mtu wa kuja kumnyang'anya hiyo huenda.

Msimu wa korosho ukaanza kuchungulia, mimba inaelekea miezi saba, na hamu ikamshika ya mabibo. Si mabibo ya kukausha, yale mabichi, yanayodondoka chini ya mkorosho yakiwa yameiva mpaka yanachuruzika maji. Mtawanya nzima inanukia hivyo wakati huo. Alikuwa akiyaokota asubuhi, anayatia kwenye mfuko, anayapeleka kazini, na kwa kuwa chumba cha nzi ndicho chenye ubaridi, aliuweka mfuko chini ya meza. Mlangoni pa chumba hicho pana karatasi inayosema matunda marufuku. Karatasi hiyo aliibandika yeye. Aliwahi kumtoa nje mwanafunzi kwa sababu ya ndizi mbivu.

Katika siku hizo hizo jambo likatokea kwenye hadubini. Alipanga viinitete kama kawaida, akatazama safu ya kwanza, wote wameziba. Safu ya pili, wameziba. Akasubiri wale walioshindwa, ambao kwa hesabu ya ukoo ule ilibidi wawe robo, akawaona wachache mno. Kisahani cha siku ya pili kilikuwa kizuri zaidi. Migongo imekutana, imeshonana, laini. Mtu aliyetulia angejiuliza chupa ina nini. Mastura alishika tumbo lake kwa mikono miwili akalia kwa furaha, na hakumwambia Daktari Celeste, kwa sababu alihofu akiitamka ile bishara itapotea. Kama hawa walioandikiwa kushindwa wameziba, alisema moyoni, wangu naye ameziba. Jioni ile ile akapita hospitali akapangiwa siku ya picha.

Nasema furaha, lakini haikumkalia. Siku moja kabla ya picha alikuwa anahamisha nzi kwenda chupa mpya. Aliwalaza kwenye kisinia kilichowekwa juu ya barafu wazubae, akachukua brashi, akaanza kuwasogeza mmoja mmoja. Mabawa yaliyokunjamana. Yaliyokunjamana. Yaliyonyooka. Akadhani jicho linamdanganya. Akageuza brashi, na wa pili amenyooka, na wa tatu. Taratibu akatazama chini ya meza. Juu ya mfuko wa mabibo walikuwa wanazunguka wenzao, nzi wa mtaani, wa mikoroshoni, wamejaa tele, na pamba ya chupa moja ilikuwa imelegea.

Basi hakuna zipu mbovu iliyojitengeneza. Ilikuwa damu ya wageni, wazima tangu zamani, wameingia wakazaa na wenyeji. Migongo ile aliyoililia ilikuwa migongo ya nzi wa Mtawanya.

Alimfuata Daktari ofisini akamweleza. Daktari Celeste alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umekula mabibo kwenye chumba cha nzi. Wewe."

"Nilikuwa na hamu, Daktari."

"Zile chupa zote tunazichemsha. Za akiba ziko chumba cha pili, tutaanza upya, si mwisho wa dunia." Kisha akamtazama vizuri. "Mbona unalia hivyo? Ni nzi tu."

Mastura akasema ni mimba, inamliza ovyo. Asingeweza kumwambia mwanasayansi kwamba alikuwa ameenda kuomba habari za mwanawe kwa nzi.

Asubuhi ya picha alijifunika shuka akasema hajisikii vizuri, ataenda wiki ijayo. Bi Somoe aliingia chumbani bila kubisha. Alikuwa amevaa baibui lake la kutokea, mkoba begani, na nje bajaji inanguruma. Muzamil alikuwa amempigia mama yake simu.

"Inuka, mwanangu. Dereva ameshageuza."

"Shangazi, sitaki."

"Najua hutaki. Inuka hivyo hivyo."

Hospitali walikaa kwenye benchi refu pamoja na matumbo mengine. Mtu wa ndani anaita jina, mlango unafunguka, mlango unafungwa. Mwanamke mmoja akatoka anacheka na simu. Mwingine akatoka ameshikwa mkono na dada yake, anatazama chini. Ndipo mdomo wa Mastura ulipofunguka wenyewe.

"Shangazi, vidonge vyangu ulivitupa?"

Bi Somoe hakushituka. Alifungua mkoba akatoa kopo jeupe, sindano zikilia ndani yake, akaliweka mapajani. "Nilikuwa nasubiri uniulize tangu Idd," akasema. "Nilivichukua. Nilijua ni vya majira. Nikasema mtoto huyu ananizuilia wajukuu ndani ya nyumba yangu. Nikampelekea yule kijana Brian wa duka la dawa, nipate ushahidi, nikuseme mbele ya mumeo. Brian akasoma kopo akaniambia, bibi, hivi si vya kuzuia. Hivi anameza anayetaka kuzaa, ni vya mgongo wa mtoto. Nilikaa kwenye kiti chake mpaka akaniuliza kama naumwa."

"Ukavitupa."

"Sikiliza. Nilirudi nikitaka kuvirudisha kabatini usijue. Nikaona hata hujaviulizia. Siku ya kwanza, ya pili, kimya. Nikajua humezi. Ramadhani imekuchanganya." Akalizungusha kopo. "Nikawa nakusagia kimoja kila jioni, natia kwenye uji wako wa futari. Lile bakuli lenye maua mekundu nilikuwa nakupa wewe tu. Siku ya kwanza nilikosea nikatia kwenye sufuria, akanywa na Muzamil, akanywa na sheikh aliyekuja kufuturu."

Mastura alimtazama. Alikumbuka bakuli. Alikumbuka siku alipotaka kumpa jirani bakuli lile na shangazi akamnyang'anya kwa ukali, naye akaenda kusononeka chumbani, akisema hata bakuli nanyimwa.

"Kwa nini hukuniambia, shangazi? Nimekaa na hofu hii miezi yote."

Bi Somoe akalizungusha tena kopo mapajani. Mlango ukafunguka, jina la mtu likaitwa, mlango ukafungwa.

"Ningekuambia, ungetaka kujua kwa nini neno la mgongo lilinikalisha kwenye kiti cha Brian," akasema. "Muzamil si wa kwanza wangu. Kabla yake nilizaa mtoto wa kiume, kule Mikindani, nyumbani kwa mama. Alikuwa kama Yasmini. Pale pale alipokuwa Yasmini. Mama akamfunika, akaniambia usimtaje, ukimtaja atarudi kwenye tumbo lingine. Sijamtaja. Baba yako hajui. Muzamil hajui. Halafu nikaja kwa kaka yangu na posa, mimi mwenyewe kwa miguu yangu, nikakuomba wewe uolewe na mwanangu. Na Yasmini alipozaliwa nikamwona mgongo nikamjua. Ningekupa pole kwa mdomo gani?"

Hesabu zile zote alizozipiga Mastura peke yake kwenye chumba cha nzi, jibu lilikuwa limekaa sebuleni linashona mkeka. Hasira ilimjia, nisiwafiche, ilimjia mpaka masikioni. Kisha akaitazama ile mikono juu ya kopo, iliyomkanda siku zote zile bila kusema, na hasira ikakosa pa kukaa. Akatoa mkono wake akaushika mmoja.

"Mastura Asadi," sauti ikaita.

"Twende wote," akasema Mastura.

Mpiga picha alikuwa dada mmoja aitwaye Felista, mpole, asiye na maneno mengi. Alimpaka jeli ya baridi tumboni, akaweka kifaa, akageuza skrini. Bi Somoe alisimama ukutani. Mastura alikwisha kumweleza Felista habari za Yasmini kabla hajalala, kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Kwenye skrini kukawa na kivuli, kikawa kichwa, kikawa moyo unaodunda. Felista akasogeza kifaa. Uti wa mgongo ukatokea, vifupa vyeupe viwili viwili vimepangana kutoka shingoni kushuka. Miaka yote hii kazi ya Mastura ilikuwa kutazama migongo na kusema huyu hivi, huyu vile, na sasa macho yamejaa maji haoni kitu.

Felista alishuka mpaka kiunoni akasimama. Akarudi juu. Akashuka tena, polepole, akabonyeza kitufe, akatazama kwa karibu. Bi Somoe alikuwa anasoma kitu kwa midomo bila sauti.

"Geukia ubavu kidogo, mama," akasema Felista. Mastura akageuka. Kifaa kikapita tena pale pale, pale pa kikombe cha kahawa.

"Ngozi ipo," Felista akasema. "Imefunika mpaka chini. Na kichwa kiko sawa. Sioni mgongo wazi hapa."

"Angalia tena, dada yangu," akasema Mastura.

Felista akaangalia tena, wala hakukasirika. Akasema picha haioni kila kitu duniani, lakini alichokiona ni mgongo uliofunikwa. Nyuma yao, ukutani, Bi Somoe aliteleza taratibu akakaa chini sakafuni na baibui lake la kutokea, ikabidi Felista aache kifaa akamletee maji.

Kama ni vidonge, kama ni bahati, kama huyu mtoto angekuwa mzima hata bila uji, hakuna ajuaye. Daktari Celeste alipoulizwa baadaye alisema hivyo hivyo, hakuna ajuaye, na kwamba kwa mtoto mmoja huwezi kusema, mpaka uwatazame wengi. Mastura alilielewa jibu hilo kwa sababu ndiyo kazi yake. Hofu nayo haikuondoka yote, ilibaki ile ya kawaida, ya kila mwenye mimba.

Lakini siku ile walirudi kwa bajaji mpaka walipokaribia Mtawanya. Ndipo Bi Somoe akamgusa dereva begani, akamwomba asimame kwa Brian, duka la dawa.

"Unaumwa, shangazi?"

"Mariamu," akasema Bi Somoe. "Ameolewa na mtoto wa ami yake, na mimi nilipiga vigelegele. Ijumaa nakwenda Msimbati. Nataka nimpelekee vidonge kabla hajashika mimba."

Mastura alimtazama shangazi yake akishuka, mguu mmoja, kisha wa pili, ameshika kopo la sindano ili Brian asome jina vizuri. Akamuuliza, nusu kwa utani, "Safari hii utamwambia, au utamsagia kwenye uji?"

Bi Somoe alisimama barabarani, jua limemkalia usoni, akalifungua kopo akazimwaga sindano zote ndani ya mkoba.

"Nitamwambia," akasema. "Nitaanza na kaka yake wa kwanza, yule wa Mikindani."